Kombe la Walio Nyuma ya Nyota

Usiku wa Juni 30, 2015, jijini Prague, katika fainali ya ubingwa wa Ulaya wa vijana, Uswidi na Ureno zilitoana jasho kwa dakika 120 bila nyavu kutikisika. Ureno ndiyo iliyopewa nafasi kubwa. Siku tatu kabla ilikuwa imeichapa Ujerumani 5-0 katika nusu fainali, na kikosini mwake walikuwemo Bernardo Silva, João Mário na kiungo William Carvalho, ambaye alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano yote. Ikabidi mshindi apatikane kwa mikwaju ya penalti. Beki Victor Lindelöf akaifungia Uswidi, akafuata Carvalho huyo huyo, na kipa Patrik Carlgren akaupangua mkwaju wake. Uswidi 4, Ureno 3. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Uswidi katika mashindano hayo.

Mshambuliaji wa kikosi kile, John Guidetti, si mgeni kwa Nairobi. Sehemu ya utoto wake aliishi jijini humo, akicheza mpira na watoto wa Kibera. Kule Jamhuri ya Czech alifunga bao la kusawazisha dhidi ya Italia katika mechi ya kwanza, kisha akafunga penalti katika nusu fainali ambayo Denmark ilipigwa 4-1. Aliyesoma wasifu wake wakati ule angeweza kushtuka kidogo. Guidetti alizaliwa Aprili 1992, kwa hiyo alikuwa ameshatimiza miaka 23, na mashindano yenyewe ni ya vijana wa chini ya miaka 21.

Hakukuwa na cheti cha kughushi. Shirikisho la Soka la Ulaya, UEFA, huangalia umri wa mchezaji mechi za kufuzu zinapoanza, si siku kombe linaponyanyuliwa. Kwa kuwa safari ya kufuzu huchukua karibu miaka miwili, kijana aliyeianza akiwa na miaka 21 huruhusiwa kuimaliza na wenzake. Kwa fainali za 2025, mstari ulichorwa Januari 1, 2002: aliyezaliwa siku hiyo au baadaye anacheza, aliyezaliwa siku moja kabla anatazama kwenye runinga. Ndiyo maana mashindano haya, tofauti na mengine ya vijana, hujaa wachezaji ambao tayari ni tegemeo kwenye klabu zao, wengine wakiwa wameshacheza Ligi ya Mabingwa.

Ngazi tatu

UEFA ina mashindano matatu ya timu za taifa za wavulana: chini ya miaka 17, chini ya miaka 19, na hayo ya chini ya miaka 21. Mawili ya kwanza hufanyika kila mwaka, ya tatu kila baada ya miaka miwili. Wasichana nao wana yao ya chini ya miaka 17 na 19.

Kombe la chini ya miaka 19 ndilo lenye mizizi mirefu zaidi. Lilianza mwaka 1948 jijini London kama mashindano ya vijana ya FIFA, kisha UEFA ikayachukua katikati ya miaka ya 1950. La miaka 17 lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 likiwa la chini ya miaka 16. La miaka 21 nalo lilianza kwa umri mwingine: mwaka 1972 lilikuwa la chini ya miaka 23, na Czechoslovakia ikawa bingwa wa kwanza. Umri ukashushwa, na mwaka 1978 Yugoslavia ikatwaa kombe la kwanza la chini ya miaka 21 kwa kuifunga Ujerumani Mashariki.

Enzi hizo hapakuwa na nchi mwenyeji. Timu zilicheza nyumbani na ugenini mpaka fainali, na mtu wa kawaida asingejua kwamba kuna kombe linaloshindaniwa. Mwaka 2000, Slovakia ilipokuwa mwenyeji, fainali zilichezwa na timu nane zilizopangwa kwenye makundi. Mwaka 2007 ratiba ikahamishiwa miaka isiyogawanyika kwa mbili, ili vijana wasigongane na Kombe la Dunia wala Euro ya wakubwa. Timu zikawa 12 mwaka 2017 nchini Poland, na 16 mwaka 2021 nchini Hungary na Slovenia. Leo makundi ni manne yenye timu nne nne, na mbili za juu za kila kundi huingia robo fainali.

Italia na Hispania zinaongoza kwa makombe matano kila moja, England inafuata kwa manne, na Ujerumani ina matatu.

Bora kabisa hawapo

Jambo linalowachanganya watazamaji wengi ni kutokuwepo kwa wale wanaotarajiwa kuwepo. Juni 2025, nchini Slovakia, Ujerumani ilicheza bila Florian Wirtz na Jamal Musiala, ingawa wote wawili walizaliwa mwaka 2003. Hispania ilicheza bila Pedri, bila Gavi na bila Lamine Yamal, ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka 18. England haikuwa na Jude Bellingham. Hao wote umri uliwaruhusu, lakini walishapandishwa timu ya wakubwa, na ni nadra sana aliyekwishapanda kushuka.

Zipo pia klabu, ambazo hazilazimiki kuwatoa wachezaji kwa mashindano ya vijana kama zinavyolazimika kwa yale ya wakubwa. Kiangazi hicho cha 2025 Kombe la Dunia la Klabu lilichezwa Marekani karibu siku zile zile. Liam Delap alikuwa ameitwa na England ya vijana, akasajiliwa Chelsea, akaondoka na klabu yake mpya. Jobe Bellingham, mdogo wake Jude, naye aliondolewa kikosini baada ya kusajiliwa na Borussia Dortmund.

Kwa hiyo kinachoonekana uwanjani ni safu ya pili ya kila nchi, na hapo ndipo utamu wa mashindano haya ulipo. Euro ya wakubwa hupima wachezaji 11 bora wa taifa. Hii ya vijana hupima nchi ina nini pale 11 hao wanapoondolewa. Taifa dogo linaweza kubahatika kupata kijana mmoja wa ajabu katika kizazi kizima, akalibeba mgongoni. Lakini kushinda kombe hili bila nyota wako watatu kunahitaji kuwa na kiungo wa nne, wa tano na wa sita ambao nao wamefunzwa sawasawa.

Fainali ya Bratislava, Juni 28, 2025, ilionyesha hilo kwa dakika zote 120. England ilitangulia kwa mabao ya Harvey Elliott na Omari Hutchinson kabla nusu saa haijaisha. Ujerumani ikarudisha moja kwa kichwa cha Nelson Weiper karibu na mapumziko, kisha Paul Nebel akasawazisha kwa shuti lililomgusa beki. Mwishoni mwa dakika 90 Nebel nusura aimalize kazi, mpira ukagonga mtambaa wa panya. Kocha wa England, Lee Carsley, akamwingiza Jonathan Rowe muda wa nyongeza ulipoanza. Dakika ya 92 Rowe akaruka, akapiga kichwa, ikawa 3-2. England ikatetea ubingwa iliouchukua mwaka 2023, na Elliott, aliyekuwemo katika vikosi vyote viwili, akachaguliwa mchezaji bora.

Upande wa pili, Nick Woltemade aliondoka na kiatu cha ufungaji kwa mabao sita, matatu kati ya hayo katika mechi ya kwanza dhidi ya Slovenia. Mshambuliaji huyu mwenye urefu wa karibu mita mbili alizaliwa Februari 14, 2002, wiki sita tu ndani ya mstari wa umri. Mwanzoni mwa Juni alikuwa amecheza mechi yake ya kwanza na timu ya wakubwa ya Ujerumani dhidi ya Ureno, kisha akashuka kwenda kwa vijana, akiwa mmoja wa wachache wanaokubali kushuka. Agosti hiyo hiyo Newcastle United ikavunja rekodi yake ya usajili ili kumpata.

Malmö, 2009

Mtu akitaka kuona safu ya pili inavyogeuka kuwa ya kwanza, aangalie kikosi kilichoanza fainali ya Juni 29, 2009 mjini Malmö. Golini alikuwa Manuel Neuer. Mbele yake Jérôme Boateng, Benedikt Höwedes na Mats Hummels. Katikati Sami Khedira, nahodha, na Mesut Özil. Ujerumani iliifunga England ya Theo Walcott na James Milner mabao 4-0, huku kocha Horst Hrubesch, mshambuliaji wa zamani wa taifa, akishangilia kando ya uwanja.

Miaka mitano baadaye, Julai 8, 2014, Ujerumani ya wakubwa iliingia uwanjani Belo Horizonte kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia na wenyeji Brazil. Wote sita wa Malmö walianza mechi hiyo, iliyokwisha kwa 7-1 na kuwaacha Wabrazili wakilia majukwaani. Siku tano baadaye wakawa mabingwa wa dunia. Bao pekee la fainali dhidi ya Argentina lilifungwa na Mario Götze, ambaye mwaka ule ule wa 2009 alikuwa ametwaa ubingwa wa Ulaya wa chini ya miaka 17.

Hayo hayakuja kwa bahati. Katika Euro ya mwaka 2000 Ujerumani ilishika mkia kwenye kundi lake, ikipata pointi moja na bao moja katika mechi tatu. Aibu ile iliwafungua macho viongozi. Kila klabu ya daraja la kwanza, na mwaka uliofuata kila ya daraja la pili, ikalazimishwa kuwa na akademi. Isiyokuwa nayo isipewe leseni. Shirikisho likafungua vituo vya mafunzo zaidi ya 300 nchi nzima, ili mtoto wa kijijini aliye mbali na klabu kubwa naye aonekane na kocha mwenye cheti angalau mara moja kwa wiki. Matunda yakaiva pamoja: ubingwa wa chini ya miaka 19 mwaka 2008, kisha wa chini ya miaka 17 na wa chini ya miaka 21 mwaka 2009. Hakuna nchi iliyokuwa imeshika makombe yote matatu kwa wakati mmoja kabla ya hapo.

England ilijifunza kwa uchungu. Miaka mitatu baada ya kipigo cha Malmö ilifungua kituo cha taifa cha St George's Park, na klabu zake zikaanza mpango mpya wa kulea vijana. Mwaka 2017 peke yake England ilitwaa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, la chini ya miaka 20 na ubingwa wa Ulaya wa chini ya miaka 19. Makombe mawili ya chini ya miaka 21 yakafuata. Lile la 2023 lilichukuliwa bila kuruhusu bao hata moja katika mechi sita: kwenye fainali ya Batumi dhidi ya Hispania, kipa James Trafford alipangua penalti ya Abel Ruiz katika dakika za majeruhi, kisha akauzuia na mpira uliorudi.

Kocha anayepanda na wanafunzi wake

Hispania imechukua njia nyingine: imewekeza pia kwa mwalimu. Luis de la Fuente alitwaa ubingwa wa Ulaya wa chini ya miaka 19 mwaka 2015 akiwa na Rodri, Mikel Merino na kipa Unai Simón. Mwaka 2019, mjini Udine, akatwaa ule wa chini ya miaka 21 kwa kuifunga Ujerumani 2-1; wafungaji walikuwa Fabián Ruiz na Dani Olmo. Desemba 2022 alipopewa timu ya wakubwa, wengi walihoji jina lake, kwa kuwa hakuwahi kufundisha klabu kubwa. Wachezaji hawakuhoji, maana walikuwa wamekulia mikononi mwake. Katika Euro ya 2024, iliyokwisha kwa Hispania kunyanyua kombe jijini Berlin, Simón, Rodri, Fabián na Olmo walikuwa nguzo. Merino aliwatoa wenyeji Ujerumani kwa kichwa katika dakika ya 119 ya robo fainali, na Mikel Oyarzabal, mwingine wa kikosi cha Udine, alifunga bao la ushindi kwenye fainali dhidi ya England.

Italia ndiyo inayotoa mfano wa pande zote mbili. Chini ya Cesare Maldini, vijana wake walitwaa makombe matatu mfululizo, 1992, 1994 na 1996, kisha wakaongeza ya 2000 na 2004. Timu iliyoshinda Kombe la Dunia mwaka 2006 ilijaa mabingwa hao: Fabio Cannavaro, Alessandro Nesta na Francesco Totti wa 1996, Andrea Pirlo, aliyefunga mabao yote mawili ya fainali ya 2000, Alberto Gilardino na Daniele De Rossi wa 2004. Tangu hapo Italia haijashinda tena kombe la chini ya miaka 21, na timu yake ya wakubwa ilikosa Kombe la Dunia la 2018 na la 2022. Hata hivyo katikati ya ukame huo, mwaka 2021, ikatwaa Euro kwenye uwanja wa Wembley. Uhusiano kati ya vijana na wakubwa upo, lakini mtu asiuchukue kama hesabu ya moja jumlisha moja.

Saluti ya Halmstad

Uswidi ya 2015 karibu isifike Prague kabisa. Katika mechi ya mchujo dhidi ya Ufaransa, Oktoba 2014, ilikuwa imefungwa 2-0 ugenini. Marudiano yakachezwa Halmstad, na Waswidi wakapambana hadi wakaongoza 3-0. Zikiwa zimebaki dakika chache, beki Layvin Kurzawa akaifungia Ufaransa kwa kichwa. Kwa bao lile la ugenini, Ufaransa ilikuwa imefuzu. Kurzawa akamgeukia mchezaji wa Uswidi, akapeleka mkono kwenye paji la uso kama askari, akampigia saluti ya kumuaga.

Haikupita hata dakika mbili. Oscar Lewicki akafunga la nne, hesabu ikageuka, na Waswidi wakamzunguka Kurzawa wakimrudishia saluti yake mmoja baada ya mwingine. Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia nzima.

Kizazi kile hakikutoa mshindi wa tuzo ya mchezaji bora wa dunia, wala hakikutarajiwa kumtoa. Kilitoa wachezaji wa kutegemewa. Mwaka 2018 Uswidi ilipofika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Urusi, Lindelöf na Ludwig Augustinsson walikuwa kwenye safu ya ulinzi, na Guidetti, Isaac Kiese Thelin na Oscar Hiljemark walikuwa kikosini.

Georgia nayo ilipata kitu ambacho hakiandikwi kwenye orodha ya mabingwa. Mwaka 2023 ilikuwa mwenyeji pamoja na Romania, ikapangwa na Ureno, Ubelgiji na Uholanzi. Iliifunga Ureno 2-0, ikatoka sare mara mbili, ikaongoza kundi, na kutolewa kwa penalti na Israel katika robo fainali. Mwaka mmoja baadaye timu yake ya wakubwa ilicheza Euro kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi. Mechi ya mwisho ya kundi ilikuwa dhidi ya Ureno ya Cristiano Ronaldo. Matokeo yalikuwa yale yale: 2-0 kwa Georgia.

Jezi ya leo na ya kesho

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki na Kongo, mashindano haya yana upande unaowagusa moja kwa moja. Vikosi vya vijana vya Ulaya vimejaa watoto wa wahamiaji na wakimbizi, na kwa mujibu wa kanuni za FIFA, kucheza timu ya vijana hakumfungi mchezaji maisha yake yote. Aliyekuwa na haki ya uraia wa nchi mbili anaweza kuomba kubadilisha, na tangu mwaka 2020 kanuni zimelegezwa zaidi, hata kwa baadhi ya waliokwisha kucheza mechi chache za wakubwa.

Saido Berahino alizaliwa Burundi, akafika England akiwa mtoto mkimbizi. Mwaka 2010 alikuwa katika kikosi cha England kilichotwaa ubingwa wa Ulaya wa chini ya miaka 17 kwa kuifunga Hispania 2-1 nchini Liechtenstein. Akapanda mpaka chini ya miaka 21, akafunga mabao mengi, akaitwa hata timu ya wakubwa bila kupata nafasi ya kucheza. Mwaka 2018 alivaa jezi ya Burundi. Mwaka uliofuata, timu hiyo ya taifa, Intamba mu Rugamba, ilipocheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, Berahino alikuwa nahodha.

Aaron Wan-Bissaka, mzaliwa wa London kwa wazazi Wakongo, alipitia mashindano ya 2019 nchini Italia kwa machungu. Juni 18, mjini Cesena, England ilikuwa sare ya 1-1 na Ufaransa. Katika dakika ya tano ya nyongeza za mwamuzi, mpira uliopigwa mbele ya lango ukamgonga na kuingia nyavuni mwake mwenyewe. Hakuwahi kuichezea England ya wakubwa. Mwaka 2025 FIFA iliidhinisha ahamie Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Septemba akaanza kuwatumikia Chui. Huko alimkuta Axel Tuanzebe, mzaliwa wa Bunia, mkoani Ituri, ambaye naye alipita timu za vijana za England.

Wengine hubaki walikolelewa. Yussuf Poulsen, ambaye baba yake alikuwa Mtanzania, alipanda ngazi za vijana za Denmark mpaka timu ya wakubwa, na katika Kombe la Dunia la 2018 alivaa jina la baba yake, Yurary, mgongoni. Pione Sisto, mzaliwa wa Kampala kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, ndiye aliyewafungia Wadenmark bao la ushindi dhidi ya wenyeji Czech katika mechi ya ufunguzi ya mashindano ya 2015.

Wapo pia wanaohama ndani ya Ulaya yenyewe. Lukas Nmecha, aliyezaliwa Hamburg na kukulia Manchester, alifunga bao lililoipa England ubingwa wa chini ya miaka 19 mwaka 2017, dhidi ya Ureno. Mwaka 2021, jijini Ljubljana, alifunga bao pekee la fainali ya chini ya miaka 21, tena dhidi ya Ureno. Safari hiyo jezi yake ilikuwa ya Ujerumani.

Tiketi ya Olimpiki

Tangu maandalizi ya Michezo ya Olimpiki ya 1992, kombe hili pia ndilo mlango wa Ulaya kuingia soka la wanaume la Olimpiki. Mlango huo una kituko chake. England haiwezi kuupita hata ikiwa bingwa, kwa sababu Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inaitambua Uingereza nzima kama timu moja, na England ni sehemu tu ya hiyo. Mwaka 2023 waliofika nusu fainali walikuwa England, Hispania, Israel na Ukraine. Watatu wa mwisho walipata tiketi za Paris 2024, na bingwa akabaki nyumbani. Hispania iliitumia yake vizuri: ilishinda dhahabu kwa kuifunga Ufaransa 5-3 baada ya muda wa nyongeza. Kikosini alikuwemo Abel Ruiz, yule aliyekosa penalti Batumi.

Mashindano yajayo, ya 2027, yamepewa Albania na Serbia, na mstari wa umri umesogea hadi Januari 1, 2004. Elliott na Woltemade wamevuka, hawatakuwepo. Yamal, aliyezaliwa Julai 2007, anaruhusiwa kwa umri kucheza ya 2027, na akitaka hata ya 2029, ingawa ameshakuwa bingwa wa Euro ya wakubwa. Hakuna Mhispania anayemtarajia kule. Watakaokwenda ni mawinga walio nyuma yake kwenye foleni, na makocha wa nchi nyingine watakuwa wakiangalia kama Hispania inao wangapi.